Matuta ya Bwana Shamba

Jumanne, Februari 1976

Ati "matuta yangu", anasema! Bwana shamba huyu huyu ndiye aliyenifokea nibomoe vizuizi vya udongo nilivyoweka kati ya matuta kushika maji, eti vinaharibu mistari inayoonekana kutoka barabarani. Mimi sikubomoa. Majirani walimtii, wakalima kufuata mteremko. Mvua ikasomba samadi yao yote.

Leo jua kali, mahindi yao yamejikunja, yangu bado ya kijani. Kaleta wageni kwangu waone "kazi yake"!

"Mama Kulwa, waeleze nilivyokufundisha."

"Shika jembe, Bwana, uwaonyeshe kizuizi kinavyojengwa."

Alilishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Wageni wakacheka, nami nikacheka.

Mama Shija, jirani yangu, hakucheka. Alikuwa akiyang'oa mahindi yake makavu, awape ng'ombe.