Nywele za Mama Zilipojirudi Jenezani

Mama Ozella mpendwa, heshima kwako, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, naomba na mimi unisaidie na usinicheke kwa kuwa jambo lenyewe ni la nywele. Mimi ni mjane wa miaka sitini na miwili, nakaa Pascagoula, huku pwani kwenye unyevu, nywele zangu ni za kipilipili na zimekataa katakata kutulia, asubuhi nazichana zinalala, nikifika kituo cha mafuta cha pili unyevu umeshazipata, zimetimka kama nimetoka kupigana. Nimenunua jeli, nimenunua krimu ya kopo la zambarau, nimenunua povu, nimenunua na yale mafuta mazito ya zamani, rafu ya bafuni imejaa mpaka mengine naweka sakafuni, na hakuna hata moja lililonifaa. Jumapili ya tatu ya Agosti watu wa kanisa letu wanarudi nyumbani kutoka Chicago na Detroit na kote walikotawanyika, nami sitaki wanione hivi.

Zamani sikuwa na shida hii kwa sababu nilikuwa na dada yangu Vernita, ambaye amenizidi umri kwa miaka tisa. Tangu nikiwa na miaka saba, kila Jumamosi nilikaa jikoni kwake akaninyoosha nywele kwa kitana cha moto, kile cha chuma kinachopashwa jikoni, hata alipofungua saluni chumba cha mbele mimi nilitengenezwa kule kule jikoni, nikazeeka bila kujua bei ya kopo la krimu. Sasa ni mwaka wa pili hatuna salamu.

Nieleze kwa nini, maana najua utauliza. Mama alipofariki, Vernita ndiye aliyemtengeneza nywele kule kwa mzee Pettway anayetayarisha maiti kwa mazishi, kama alivyowatengeneza wamama wote wa kanisa letu waliotangulia, hakuna aliyezikwa bila mkono wake. Alizinyoosha zikalala vizuri, mbele akaweka mawimbi kama Mama alivyopenda, kisha akaenda kwake kuvaa. Mimi nikabaki na Mama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, joto lile la Agosti, nikaona vinywele viwili vitatu vimesimama pembeni ya paji la uso, na kwenye mkoba nilikuwa na kopo dogo la krimu nililolinunua asubuhi ile nilipofuata soksi, la kwanza kununua maishani mwangu, limeandikwa kwamba linatuliza nywele zilizotimka. Nikapaka pale pembeni, zikalala, nikafurahi, nikapaka na mbele, nikapaka na juu, Mungu ananiona nilitaka tu apendeze.

Jeneza lilipofunguliwa kanisani, nywele zote zilikuwa zimejirudi, zimevimba na kujisokota kuzunguka uso wa Mama, yule Mama ambaye hakumfungulia mlango hata mleta barua kabla ya kuchana. Watu wanapita kumuaga huku wananong'ona. Binamu yetu Lurline akasema, "Vernita, ndiyo kazi gani hii?" Vernita akanitazama mimi, kama anayeomba nimsemee. Nami, Mama Ozella, nikasimama, nikavua kofia yangu nikamvalisha Mama, nikasema kanisa zima likisikia, "Kakulea miaka yote hii, na siku yake moja hii umeshindwa kumtengeneza."

Tangu siku hiyo Vernita hajashika kitana. Saluni kaifunga. Wamama wawili wamekufa tangu hapo na wote amekataa kuwatengeneza, anasema mikono yake imezeeka. Habari ya krimu haijui, hakuna anayeijua. Wiki mbili zilizopita tulikutana nje ya duka la samaki, akaziangalia nywele zangu, akasema, "Nani kakufanyia hivyo, mdogo wangu?" Nikamwambia ni hali ya hewa tu, nikaondoka. Usiku silali vizuri. Basi nakuomba, nitajie krimu moja nzuri ya kununua.

Mdogo Mtu, Pascagoula

Mdogo Mtu,

Nianze na ulichouliza. Kwa unyevu wa kwenu, kitu chochote chenye glisarini kiache dukani, maana kinavuta maji ya hewani na nywele zinavimba. Osha kichwa, na nywele zikiwa bado zinachuruzika paka kondishena ya kulainisha, zichambue kwa vidole kuanzia ncha, pitisha jeli ya mbegu za kitani juu yake, halafu usiziguse mpaka zikauke zenyewe. Ukilala funga kitambaa cha satini. Makopo ya sakafuni gawa. Hilo ndilo jibu la nywele, na halitakusaidia kitu.

Mtoto yeyote aliyekulia jikoni penye kitana cha moto anajua kwamba nywele zilizonyooshwa hazitaki maji, zikilowa zinajirudi, na krimu kitu chake cha kwanza ni maji. Wewe ulikaa jikoni hapo maisha yako yote. La kupaka nakusamehe. Msiba unaondoa akili, na mkono ukishaanza kumpapasa mama kwa mara ya mwisho haujui pa kuishia. Hata mimi ningefanya. Lakini ulipovua ile kofia ulikuwa umeshajua, mwenzangu. Usiniambie hukujua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika mwaka wa pili, na aliyetembezwa ni dada yako. Umemnyang'anya kazi yake, umemnyang'anya wamama wake, umemwacha anaitazama mikono yake asiiamini. Na pamoja na yote hayo, akikuona njiani anakuhurumia nywele. Nimeona uchungu kusoma hapo.

Sasa sikia. Majina nimeyabadilisha, lakini gazeti hili linafika kwenu, na kisa cha kofia hakuna asiyekijua. Nenda leo, kabla Vernita hajafika ukurasa huu. Usimpelekee keki wala maua. Mwambie kabla hujakaa. Sema, "Nilipaka mimi, ukatukanwa wewe," na ukihisi neno "lakini" linakuja, limeze. Kisha, kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele ya kanisa, utamrudishia mbele ya kanisa, Jumapili hiyo hiyo ya watu wa Chicago na Detroit, Lurline akiwa amekaa anasikia. Mwombe mchungaji dakika mbili kabla ya sadaka. Nywele zako ziwe zimelala au zimetimka, hakuna atakayeziangalia.

Huenda asikusamehe. Huenda hicho kitana asikishike tena, na usiende kwake ukitarajia kutengenezwa. Nenda kwa sababu ana miaka sabini na mmoja. Akitangulia na wewe bado umenyamaza, atazikwa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwaibisha mama yake.

Mama Ozella