Si Uvimbe Uliosema

Wodi ya Wanawake,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwa dada yangu Lydiah,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea hasira zangu, maana vyote viwili vimo humu, na mama alitulea tuanze na salamu. Hujambo? Mguu wako unaovimba ukisimama sana unaendeleaje? Nasikia tenti za Jumamosi zimeshalipiwa na keki imeshaagizwa, kwa hiyo najua husimami kidogo siku hizi. Mimi, ukitaka kujua hali yangu, kichwa bado kinagonga, lakini dawa wanazonidunga zimekituliza. Leo nimekunywa uji nikamaliza kikombe. Na akili zangu zote ninazo. Hilo la mwisho lishike sana, dada, kwa sababu ndilo nililokaa chini kukuandikia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani. Simu yangu iko ndani ya mkoba wako. Uliichukua Jumapili ukawaambia wauguzi kwamba daktari hataki nisumbuliwe. Nimemuuliza daktari mwenyewe, na hakusema neno kama hilo. Basi nimeomba karatasi kwa muuguzi, na kalamu ni ya mama wa kitanda cha pili, ambaye anaitaka kabla ya jioni.

Wacha nianze na ugonjwa, kwa sababu wewe ndiwe unayewasimulia watu, na unausimulia vibaya.

Kichwa kilianza kuniuma baada ya Pasaka. Kila asubuhi nikiinama kuwasha jiko pale hotelini kwangu, nilihisi kama mtu amenikalia paji la uso. Wa kemisti hapo Mowlem akanizoea. Mwanzo aliniambia ni presha, kisha akaniambia ni umri. Umri! Nina miaka arobaini na minne, na yeye ana kipara. Nikawa nameza vidonge kama njugu, na kichwa hakikusikia.

Halafu zikaja hasira. Wewe unajua nilivyokuwa. Tangu tukiwa wadogo ulikuwa ukiniita Maji Baridi, kwa sababu hata ukininyang'anya nyama sahanini nilikuwa nakutazama tu. Sasa nikawa mtu wa kuogopwa. Wekulo, yule fundi wa mjengo ambaye amekula kwangu tangu nifungue, aliniomba nimwongezee supu, akaniita "mathe" kama anavyoniita siku zote. Nikammwagia karai zima la maji ya vyombo. Vijana wakasema mathe amechizi. Annah, ambaye ndiye anayenisaidia kupika, aliniambia vitunguu vinaungua. Nikaangalia sufuria, nikaona moshi kweli, lakini puani sikusikia chochote. Nikaona ananidharau. Nilimkimbiza, mama wa watoto watatu, na mwiko mpaka barabarani. Githeri ikaungua, nikaipakua hivyo hivyo, na aliyekunja uso nikamtukana. Wewe ukasema ni upweke wa ujane, ukaniletea pasta na chupa ya mafuta ya upako, na mimi nikamwambia mtumishi wa Mungu akakaangie mayai.

Hayo yote ni kweli na nimeyafanya. Nayasema mwenyewe ili usije ukafikiri najitetea.

Kisha ikaja siku ya ruracio, Munene alipoleta mahari ya binti yako Shiku. Nani Donholm hakuwepo? Mbuzi walikuwa wametoka soko la Kiamaiko wanene, wamefungwa langoni kwako. Baba Mdogo Kinyanjui alikuwa msemaji wetu, na maneno yake yalikuwa matamu kweli siku hiyo. Wasichana wakatolewa wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wamepangwa mstari, ili bwana harusi amtambue wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Munene akawa anazungukazunguka, anajifanya hajui, watu wanacheka.

Nikasimama. Nilimwambia asijisumbue kufunua leso, apapase tu sikio la kushoto, atamjua kwa lile alilompiga kofi.

Unakumbuka yaliyofuata. Baba Mdogo aliomba niondolewe. Wewe ulinishika mkono ukanivuta hadi stoo, ukanifungia na magunia ya viazi. Wageni wakaondoka na mbuzi wao. Na leso ya Shiku haikutikisika. Jioni hiyo uliwaambia watu nina wivu kwa sababu mimi mume wangu alikufa mapema. Nilikusikia kupitia mlango wa stoo. Liliniuma kuliko kichwa.

Miezi miwili ikapita bila harusi wala salamu. Halafu nikaanguka hotelini, mbele ya wateja, nikaamka na damu ulimini. Ni Annah, yule yule niliyemkimbiza na mwiko, aliyenibeba na Wekulo wakanileta hapa. Wakanipiga picha ya kichwa. Daktari akanionesha uvimbe mkubwa kama ndimu, umekaa nyuma ya paji, juu tu ya pua. Alinieleza polepole kwamba umekuwa ukikua taratibu, kwamba kwanza umeua harufu, kisha ukaleta maumivu, kisha ukaanza kukandamiza sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asiseme na asitende kila kinachomjia. Akaniambia wagonjwa wengi wa aina hii huitwa wabaya na watu wao kwa miaka kabla mtu hajafikiria kuwapiga picha.

Nililia, dada. Sikulia kwa hofu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshakubali kwamba nimekuwa mtu mbaya, na kumbe ni mgonjwa. Annah naye akalia, kisha akacheka, akasema basi hata mwiko ule haukuwa wangu.

Hapo ndipo ulipoingia wewe.

Kesho yake wodi ilijaa. Ulikuja na Baba Mdogo, na nyuma yenu Munene, na nanasi mkononi. Alinishika mkono wangu huu wenye sindano akaniambia amenisamehe kutoka moyoni, kwamba ameelewa haikuwa mimi, ulikuwa ugonjwa. Alisema kwa sauti ya kutosha wodi nzima isikie, na mama wa kitanda cha pili akampigia makofi. Baba Mdogo akaomba sala ya shukrani. Wewe ukasema Bwana asifiwe, maneno yote yale yalikuwa ya uvimbe. Wiki hiyo hiyo mbuzi wakarudi langoni na tarehe ikapangwa. Sikio la mtoto halikuulizwa tena. Uvimbe wangu umekuwa mshenga, Lydiah! Umefanya kazi ambayo wazee wote wa ukoo walishindwa.

Na harusi ni Jumamosi, siku moja baada ya kupasuliwa kwangu. Muuguzi aliponiambia, nilidhani amekosea siku.

Sasa nisikilize vizuri. Wekulo namwomba msamaha, na nikipona atakula supu bure mpaka achoke. Annah nimeshamwomba. Pasta naye mwambie namwomba radhi kwa mayai. Hayo nayarudisha yote, maana yalikuwa hasira bila sababu, na hata nilipokuwa nikiyafanya sikujua yanatoka wapi. La sikio sirudishi. Nilimuuliza daktari waziwazi kama ugonjwa huu unaweza kumwonesha mtu jambo ambalo halikutokea. Akasema wangu, pale ulipokaa, umenitoa breki tu. Gari nililokuwa naliendesha lilikuwa langu.

Lakini yote hayo ningeyameza. Ningesema dada yangu hakujua, ameamini anachotaka kuamini, kila mzazi anataka harusi. Ningeyafungia moyoni na kunyamaza. Kilichonishinda ni cha jana.

Jana ulidhani nimelala. Daktari alikuwa upande wa pili wa pazia, akakuuliza mabadiliko yangu yalianza lini hasa. Nawe ukamjibu, bila hata kukohoa, kwamba yalianza Januari, na kwamba dalili ya kwanza kabisa ilikuwa kumzulia mkweo mambo. Januari! Nililala pale macho wazi, nikatazama dari. Dada yangu wa tumbo moja anamdanganya daktari atakayenifungua kichwa, ili jambo moja liingie ndani ya ugonjwa.

Ulipoondoka, daktari alikuja akaniuliza mimi: ni lini mara ya mwisho nilisikia harufu vizuri? Nikamjibu palepale. Ni Februari, siku Munene alipomleta Shiku kula kwangu Mowlem. Marashi ya Munene yaliingia kabla yake. Yalifunika hata matumbo jikoni, na nikamtania kwamba amenifukuzia wateja. Shiku akacheka. Alicheka kidogo tu, kicheko cha mtoto aliye kwa shangazi yake. Baadaye nikatoka nyuma kumwaga maji, nikawakuta kando ya tangi. Munene alikuwa anamwambia asimcheke mbele ya watu. Akampiga kofi la sikio la kushoto, kofi la mtu aliyezoea, kisha akairekebisha saa yake mkononi. Shiku aliponiona aliniambia amegongwa na mlango. Tangi halina mlango, dada.

Siku hiyo pua yangu ilikuwa nzima. Kichwa hakikuuma. Na jioni ile ile nilikuja kwako.

Ulikuwa unamenya minji. Nilikaa kwenye kile kistuli cha jikoni, nikakueleza yote kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mdogo anavyomweleza mkubwa wake. Hukuniambia ninadanganya. Hukuuliza hata swali moja. Uliendelea kumenya, ukasema mwanamume mwenye kazi na gari haachwi kwa kofi moja, kwamba hata mama yetu alipigwa na alitulea, na kwamba ninyamaze kwanza, ruracio ipite, utaongea na mtoto wako mwenyewe. Nami nikanyamaza nikikungoja. Nilipokuwa mzima nilisema polepole, na ukasikia. Nilipougua nikapiga kelele, na sasa unaapa kwamba ulikuwa uvimbe.

Ndiyo maana nimekukasirikia, na hasira hii hakuna daktari atakayeikata Ijumaa. Wewe ndiwe mkubwa. Wewe ndiwe uliyempa mtoto jina la mama, ndiyo maana tunamwita mama tangu akiwa kwenye nepi. Umesahau jinsi mama wa kwanza alivyokaa mezani? Daima upande wa dirisha, ili tuwe upande wake wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto baba alikuwa ameshalimaliza. Tulikuwa tunapigania kukaa kulia kwake tukidhani ni upendeleo. Na wiki iliyopita Shiku alipokuja kuniona hapa, alikivuta kile kiti cha wageni akakizungusha upande wa pili wa kitanda, akainamisha kichwa kunisikiliza. Nikamwona mama. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi yangu yameshapigwa picha. Yako unayafunika kwa tenti.

Daktari amenieleza kwamba naweza kuamka Ijumaa nikiwa mzima, naweza kuamka bila maneno, na naweza nisiamke. Ndiyo maana naandika leo.

Barua hii ataichukua Annah. Nimemwambia asije kwako kwanza. Apite kwa Shiku, ampe mkononi, asimame pale mpaka aimalize.

Kwa hiyo Shiku, mama, ukifika hapa: sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuona kando ya tangi, na mama yako nilimwambia jioni ile ile. Usiseme uongo tena wa mlango kwa ajili ya kutufichia aibu sisi. Annah ana ufunguo wa nyumba yangu Mowlem, na atakupa. Kitanda kimetandikwa, unga upo, na gesi nilijaza kabla sijaanguka. Huna haja ya kumweleza mtu. Na ukiamua kuolewa Jumamosi, ufunguo baki nao vilevile.

Lydiah, ukiipata barua hii bahasha ikiwa imefunguliwa, usimgombeze Annah, na usimtume mtu Mowlem kwenda kuvunja mlango wangu. Ujue tu umekuwa wa pili kusoma. Kama bado uko na moyo wa kunipenda, nenda kamwambie daktari ni Aprili, siyo Januari. Anahitaji kujua ukweli kabla hajashika kisu.

Nisalimie Baba Mdogo Kinyanjui, mwambie nanasi la mkwe wake nimewapa wauguzi. Nisalimie na wote wanaouliza hali yangu kwa nia njema. Mungu akutunze mguu huo, na usisimame sana.

Nakupenda, na bado nimekasirika.

Mimi mdogo wako, mwenye uvimbe kichwani na macho yake mawili mazima,

Nyawira