Siku Wakulima wa Amerika Walipomfuata Mchungaji

Troyeville, Johannesburg
Agosti 2019

Mdogo wangu Rajabu,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana siku hizi kila nikipiga simu naambiwa umesimama mahali unahutubia. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na wifi yangu, bado anakuvumilia? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu imetushika vibaya. Cherehani yangu nimeihamishia jikoni karibu na jiko, na sasa suruali za shule za watoto wa watu zinanuka vitunguu vya kukaanga. Bado hajatokea mzazi wa kulalamika.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Sababu ni katibu wako. Simu ya kikundi chenu cha vitunguu anaishika yeye, na kila ninapokutumia ujumbe wa sauti, kamati nzima inakaa kunisikiliza. Mara ya mwisho nilikuulizia habari ya bawasiri yako, nikajibiwa na watu saba, kila mmoja na dawa yake. Kwa hiyo hii, pamoja na mzigo mdogo, nimempa Mama Shida, yule muuza vitenge anayerudi kwa basi, na nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Habari ya Mheshimiwa wenu, yule mwanasiasa, nimeipata. Nimesikia amekuja na kreti za soda na muziki, akasema kikundi cha wakulima wa vitunguu kikiingia chamani kwake, wewe utasimamishwa kugombea uenyekiti wa kijiji, na yeye ataikomesha lumbesa. Nimesikia pia utatoa jibu kwenye mkutano wa Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao. Lakini nakujua toka unatambaa, Rajabu, na mara ile moja nilipokupata kwenye simu, sauti yako ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali.

Ndiyo hofu yangu, na sikufichi. Baba yetu alijaza magunia maisha yake yote. Gunia likifika kinywani mnunuzi anasema ongeza, anaongeza, mpaka linaota kichwa cha pili kimefungwa kwa neti, ndiyo lumbesa hiyo, na analipwa gunia moja. Nyinyi ndio wa kwanza pale kijijini kulishona gunia likiwa limejaa sawa na kusema basi, hapa ndipo mwisho. Lori la mnunuzi lilipoondoka tupu msimu ule wa kwanza, mama alilala chumba kimoja na vitunguu wiki tatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekimbilia kwa mnunuzi kichochoroni. Mimi nilikuwa huku, nikalia kwa kujivuna.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Shemeji yako Themba unamjua, mwalimu wa historia hata akistaafu hastaafu. Kiswahili alichokiokota Morogoro enzi za ukimbizi wao, walipowakimbia makaburu, bado anacho, na kila Jumamosi anafundisha watu wazima bure katika ukumbi wa kanisa moja Bellevue. Wanakuja Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi wachache. Wao walikuja wakitaka Kiingereza cha kuombea kazi. Yeye akawapa wakulima wa Amerika.

Hadithi yenyewe ni hivi. Zaidi ya miaka mia iliyopita, wakulima wa pamba na ngano kule walikuwa hoi. Bei ya mazao alipanga mnunuzi, nauli alipanga mwenye reli, bei ya jembe alipanga mwenye duka. Wakaanzisha vikundi. Wakatuma walimu wao shamba kwa shamba kwa mikokoteni ya farasi, wakafungua maduka yao wenyewe, wakawa wanakusanyika kula na kuimba pamoja. Wenye viwanda walipopandisha bei ya magunia ya kufungia pamba, wakulima wakagoma, wakaifunga pamba yao kwa kitambaa cha pamba. Wengine walijishonea suti za kitambaa hichohicho wakaenda nazo harusini. Niliposikia hapo nikaacha kushona, nikamwambia Themba arudie.

Baadaye wakaunda chama chao, wakapata wabunge, wakapata na magavana. Madai yao yalikuwa mengi: serikali ijenge maghala ya kuwekea mazao mpaka bei ipande, reli ziwe za umma, na sarafu za madini ya fedha ziongezwe ili pesa isiwe adimu kwa mnyonge. Chama kimoja kikubwa kikautazama ule umati, kikaumezea mate. Katika madai yote kikachukua moja tu, lile la sarafu, kikamsimamisha mgombea mwenye sauti tamu. Wakulima wakaona si haba, wakamuunga mkono na wao. Mgombea akashindwa, na walipogeuka nyuma, chama chao wenyewe hakikuwepo tena.

Darasa likaipenda hadithi hiyo kuliko Kiingereza. Wakaamua waiigize ukumbini. Kazi ya suti za pamba nikabebeshwa mimi, nikazishona kwa kitambaa kigumu kama turubai. Désiré, Mrundi mmoja askari wa ulinzi, ndiye alikuwa mwenyekiti wa wakulima, akawa anajikuna kuanzia mwanzo wa zoezi hadi mwisho. Njeri, Mkenya mwenye saluni mtaa ule, akawa mke wa mkulima. Mgombea mwenye sauti tamu akapewa Mchungaji Kasongo wa kutoka Lubumbashi, kwa sababu kutafuta sauti nyingine kungekuwa kupoteza wakati.

Hapo ndipo Themba alipokosea. Humpi mchungaji hotuba ukategemea aishie pale ulipomwandikia.

Siku ya zoezi la kwanza, Kasongo alisimama juu ya meza akaanza taratibu. Akasema juu ya jasho la mkulima. Akasema juu ya mama anayekwenda shambani na mtoto mgongoni. Kufika katikati alikuwa ameshasahau karatasi ya Themba, na sarafu zenyewe hakuzitaja tena. Mwisho akafumba macho, akanyoosha mkono, akauliza kwa upole ni nani aliye tayari kutoka alipo na kuja mbele.

Rajabu, walikwenda. Wakulima wote wa Amerika walikwenda mbele wameinua mikono. Désiré alipiga magoti mpaka suti yangu ikachanika nyuma kuanzia mkandani kushuka chini. Na mimi, binti wa Mzee Kibwana, niliyesoma madrasa miaka minane, nilijikuta nimesimama mbele ya mchungaji, pini nne mdomoni na mkono mmoja juu.

"Eish, Zuhura," Themba akasema. "Hata wewe?"

Sikuweza kumjibu kwa sababu ya pini. Mchungaji akafumbua macho, akashangaa kutuona.

"Mwalimu, miye nifanye namna gani?" akasema. "Batu njo banakuya bo benyewe." Yaani watu ndio wanakuja wenyewe.

Themba hakukasirika. Alikaa kwenye kiti akasema ndivyo ilivyokuwa kule hasa, hivihivi, na kwamba miaka thelathini alikuwa akiwaeleza watoto wa shule bila kuelewa mwenyewe watu wenye akili zao walikwendaje. Wengine walicheka. Mimi nilianza kukuwaza wewe na soda za Mheshimiwa.

Wiki ile Njeri alikuja kupima gauni lake, nikamwelezea kikundi chenu chote, lumbesa, lori, na vitunguu chumbani kwa mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa Njeri ni la kuandikwa gazetini.

Jumapili ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walikuja Wakongo wa kanisani kwa Kasongo, majirani zetu wa Kizulu wa mtaani, na watoto wengi waliokuwa wanacheka sehemu zisizochekesha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Kasongo alipopanda mezani. Alihutubia kuliko siku ya zoezi. Wakulima wakaanza kwenda mbele, na watu watatu wa kwenye viti nao wakainuka. Njeri hakwenda. Alibaki kwenye kigoda chake, akapaza sauti kama anamwita mteja aliyesahau mkoba.

"Mheshimiwa, umeongea poa sana. Lakini wacha nikuulize. Siku huyo mnunuzi atakataa pamba yetu na lori yake iende bila kitu, wewe utakuwa wapi?"

Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Malori yenyewe enzi zile hayakuwepo, na Themba alijishika kichwa pembeni. Kasongo alifungua mdomo. Mtu asiyewahi kukosa neno, hata msibani, alimtazama Njeri, akatazama dari.

"Nitakuwa," akasema, "nitakuwa mu maombi."

Ukumbi ulilipuka. Désiré akainuka kutoka magotini, ameshika suti iliyochanika tena kwa nyuma, akaenda kukaa karibu na Njeri. Mwingine akafuata, kisha wote, mpaka mchungaji akabaki peke yake juu ya meza, naye anacheka na machozi yanamtoka. Themba akapanda jukwaani kuwaeleza watu kwamba jamani, historia haikuwa hivyo, wale walimfuata na chama kikafa. Gogo mmoja, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, wa mtaa wetu akamwambia, "Thula, Themba," yaani nyamaza, na watu wakampigia gogo makofi.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza shemeji yako kama kule Amerika nako mtu angeuliza vile, mambo yangekuwa mengine. Akasema hajui, huenda wangeshindwa tu, wenye reli walikuwa na nguvu sana. "Lakini wangeamka kesho yake bado wana kikundi chao," akasema.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua iko kwenye mfuko wa bluu, asiichanganye na mafuta ya nywele. Nisalimie wifi yangu, gauni lake nimelitanua kiunoni kama alivyoagiza kwa siri. Shangazi mkubwa mpe kitenge, na mwanao wa kwanza mpe kalamu. Katibu wako msalimie pia, ila barua usimpe.

Sikukatazi siasa, mdogo wangu. Sina ubavu wa kukukataza mtu mzima, tena mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kwa mgombea wa kuigiza. Nakuomba jambo moja tu. Siku ya mkutano, kabla hujasema ndiyo, simama mbele ya watu wote umuulize Mheshimiwa swali la Njeri. Akikutajia atakuwa wapi, vaa shati la chama chake na mimi nitakuombea dua. Akianza kuongea vizuri, kaa chini.

Dada yako akupendaye,
Zuhura