Sahani Zinazorudi Jikoni

Akheri, Meru
Jumapili, 23 Februari 2025

Mwanangu Catherine,

Piza yako inalowa katikati. Aliyesema hivyo ni Bi Evaresta, mwalimu mstaafu wa Kimandolu, jana mchana, akiwa meza ya dirishani. Aliniambia mimi. Mhudumu wako Lemburis alipopita kumuuliza chakula kikoje, alijibu, "Kizuri, baba, asante sana."

Nimeanza na habari kwa kuwa ndiyo uliyoisubiri. Sasa salamu. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu mvua ikatike, na ameanza tena kugombana na nyani kwenye migomba. Nyinyi Mtwara mnaendeleaje? Sylvanus ameshazoea ofisi mpya? Watoto wanakula?

Uliniomba niende Ukingo, duka lako la piza la Njiro, nile kama mteja, nisikilize watu wanasemaje, kwa sababu wanayoandika mtandaoni yanakunyima usingizi. Nilikwenda. Namelok, mpishi wako, ananijua, kwa hiyo sikujificha. Nilisema nimekuja kula, nikala.

Karibu na mlango alikaa mzee Thomasi, yule wa vipuri vya malori. Anakuja tangu ulipofungua. Alisema, "Zamani ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiivunja inalia. Leo nimeomba kijiko." Nikamuuliza kama amemwambia mpishi. "Aa, Mzee, nitamwambiaje? Binti mwenyewe ana adabu." Nilizungumza na wengine wawili. Wote walisema nzito, imelowa, inaangusha nyanya kwenye shati. Wote walimwambia Lemburis ni nzuri.

Yangu mimi: unga ni uleule, mwembamba, umesukumwa vizuri. Juu yake kuna jibini na nyama za kutosha piza mbili.

Jambo la mwisho sijalielewa. Namelok husimama kwenye kidirisha cha jikoni kuangalia kila sahani inayorudi. Sahani zinarudi na mabaki, wakati mwingine robo nzima. Akiona mabaki anatabasamu. Nimeliandika kama nilivyoliona. Sikisii.

Baba yako

*

Mtwara
Jumatano, 26 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini goti la Mama bado linamheshimu. Sisi wazima. Sylvanus ameshazoea ofisi, ila joto hapana. Watoto wanakula samaki kila siku, na mdogo ameanza kuuliza ndizi za bibi zitafika lini.

Baba, asante kwa kwenda. Nimesoma barua yako nikashindwa kukaa. Unasema anatabasamu? Chakula changu kinarudi jikoni hakijaliwa, na yeye anatabasamu?

Sikukwambia yote. Tangu tuhamie huku Novemba, nyota za duka zimeshuka kutoka nne na nusu hadi tatu. "Tope juu ya karatasi." "Niliijua Ukingo ya zamani, hii siijui." Hayo wanayaandika watu wenye majina, wengine nimewahi kuwahudumia kwa mikono yangu. Na wakati wateja wanapungua, jibini inaisha haraka mara mbili kuliko nilipokuwa hapo. Inakwenda wapi? Ukiniambia iko juu ya piza, nitakujibu siku uliyokwenda wewe iliwekwa kwa sababu wewe ni baba yangu. Anaiba, Baba. Lemburis ameniambia kila Jumapili Namelok anakwenda kwao Kisongo na mfuko umejaa. Anaiba, halafu mteja akilalamika anacheka.

Nilimfundisha mwenyewe, miaka sita. Alikuja hajui tanuri. Nikimwachisha kazi, sina mtu mwingine anayeweza kusukuma unga ule mpaka uone mkono upande wa pili. Nikimwachisha, nafunga duka. Najua hivyo. Lakini siwezi kulala Mtwara huku naibiwa Njiro. Ijumaa tarehe 14 Machi ndiyo mwisho.

Usimwambie Mama, atampigia.

Mwanao, Catherine

*

Akheri
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwanangu,

Mama yako hajui kitu na hajambo. Nafurahi mjukuu anaulizia ndizi, mkungu wake uko tayari, ukipatikana mtu wa kuuleta.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika anaiba, na tena anaiba, na hakuna mahali ulipoandika nani alimwona. Lemburis ameona mfuko. Hajaona kilichomo. Ningepeleka habari ya namna hiyo mezani kwa mhariri enzi zangu za gazeti, angeniuliza kama nimekunywa.

Usimwandikie Namelok. Usimpigie. Nipe muda, kuna watu wawili sijazungumza nao, na mmoja wao yuko Kisongo.

Baba yako

*

Mtwara
Jumatatu, 10 Machi 2025

Baba, shikamoo. Hamjambo huko? Sisi wazima.

Umenyamaza. Nimepiga simu, hupokei. Nikampigia Mama, akasema uko shambani unapogoa kahawa. Hiyo kahawa ndiyo Kisongo?

Wiki iliyopita nyota imepungua tena. Mtu ameandika kwamba alimletea mkewe piza yetu siku ya kumbukumbu ya ndoa, wakaishia kula karanga.

Na jana Namelok mwenyewe amenitumia ujumbe. Naunakili kama ulivyo: "Dada Kate shikamoo, usiwe na wasiwasi na duka. Wateja sasa wanashiba." Nimeuangalia ujumbe huo tangu asubuhi. Ni dharau, au ni nini? Sijajibu, kama ulivyosema.

Barua ya kumwachisha kazi nimeshaiandika. Iko kwenye simu. Ijumaa asubuhi naituma, na mchana nampigia mwenye nyumba kumwambia tunafunga. Kama una la kusema, Baba, lisiwe baada ya hapo.

Mwanao, Catherine

*

Akheri
Jumatano, 12 Machi 2025

Mwanangu Catherine,

Namelok haibi. Nasema hivyo baada ya kufungua mfuko wake kwa ruhusa yake na kukaa jikoni kwako jana kutwa. Ifute barua iliyo kwenye simu, kisha kaa chini usome iliyobaki.

Tunawasalimu wote. Samahani kwa simu, ilikuwa imeishiwa chaji na kahawa haikungoja; sasa ina chaji, na barua hii nakutumia kwa hiyohiyo.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kisongo, kwa mama yake Namelok, Bi Nashipae. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ni baba yake Catherine na nimekuja kuwajulia hali. Namelok alikuwepo, na mfuko ulikuwepo, mlangoni. Niliuliza una nini. Akaumwaga mwenyewe: aproni na taulo za jikoni. Anazifulia kwao kwa sababu maji ya Njiro yanakatika mwisho wa wiki, na hataki uzione chafu ukija bila taarifa.

Kisha wakanikaribisha chakula. Bakuli la loshoro, yale mahindi ya kupikwa na maziwa ya mgando. Nilimaliza. Bi Nashipae akajaza tena. Mimi nimelelewa kumaliza ninachopewa, nikamaliza. Akajaza tena.

"Mama, nimeshiba," nikasema.

"Umeshiba vipi na bakuli ni jeupe? Usinionee aibu, baba Catherine. Chakula kipo."

"Nimeshiba kweli."

"Mtu aliyeshiba anaacha. Wewe unakwangua."

Bakuli la tatu lilinishinda, nikaacha robo. Mama akapiga makofi, akamwambia binti yake, "Umeona? Sasa ndiyo amekula." Namelok alitabasamu. Ni tabasamu lilelile la kwenye kidirisha. Hapo nikaacha kula na kuanza kuuliza.

Maneno yake ni haya. Ulipokuwepo wewe, alikuwa ndani kwenye unga na wewe ndiye uliyepokea sahani. Ulipoondoka, akaanza kuzipokea yeye. "Baba, zote zilikuwa zinarudi tupu. Tupu kabisa, mpaka ukingo wameula. Watu wamelipa hela yao, wanaondoka na njaa, na hakuna anayesema. Nilikuwa nalala nikiwafikiria." Unga asingeweza kuuongeza unene, kwa sababu ulimkataza. Akaongeza jibini. Sahani bado zikarudi tupu. Akaongeza nyama, akaongeza nyanya. Kufikia mwaka mpya mabaki yakaanza kuonekana. Akamshukuru Mungu, akaendelea hivyohivyo.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Alisema alitaka ukute duka limekaa vizuri, uone mwenyewe.

Sikutaka kutegemea maneno tu, ndiyo maana jana nikakaa jikoni. Kila piza iliyotoka ilibeba jibini ya piza mbili, yangu na ya wageni nisiowajua. Haiendi kokote. Inakwenda juu ya unga, inaulowesha, na inarudi kwenye sahani, na yeye anaona kazi imefanyika. Lemburis alikuwa anajua jibini inazidishwa. Nikamuuliza mbona hakukwambia hilo, akakwambia mfuko. "Mzee," akasema, "mimi nilidhani Dada ndiye ameagiza."

Wateja hawakumwambia kwa sababu ana adabu. Yeye hakuwauliza mwenyewe kwa sababu sahani zilishamjibu. Na wewe ulikuwa Mtwara.

Bado sijamwambia kwamba amekosea. Hilo ni lako.

Baba yako

*

Mtwara
Alhamisi, 13 Machi 2025

Baba, shikamoo, shikamoo tena.

Barua imefutwa. Niliifuta nimesimama, sikusubiri kukaa. Halafu nilicheka mpaka Sylvanus akatoka bafuni na sabuni kichwani kuuliza kuna nini. Nilipomaliza kucheka nilipumua kama mtu aliyetua ndoo. Leo ndiyo nimejua nilikuwa naibeba.

Nilimpigia saa hiyohiyo. Sikujua nianzie wapi, nikaanza kwa kumuulizia mama yake, akacheka kwamba umeshanisimulia habari za loshoro. Nikamwambia, "Namelok, wateja wanaacha piza kwa sababu imelowa."

Nikasikia akifunga bomba la maji.

"Dada, wameshindwa kula?"

"Wameshindwa."

"Wote?"

"Wengi."

"Sasa mbona wanasema nzuri? Mimi nimeulizia kila siku. Lemburis anawauliza!" Na hapo akakasirika, Baba. Mimi sijawahi kumsikia amekasirika. "Mtu mzima ana mdomo, anakaa mezani, mimi naye tunatazamana, anasema asante, halafu anakwenda nyumbani kuandika? Angeniita tu, 'Wewe Namelok, njoo hapa, hii nini?' Ningemtengenezea nyingine!"

Nikamwambia sahani tupu kwa piza nyembamba ndiyo sifa. Akasema amesikia, lakini moyo utachelewa kukubali. Kisha akaniomba kitu kimoja. Jibini atarudisha kama zamani, lakini kabla ya piza aruhusiwe kumpa kila mteja kikombe cha mtori, supu ile ya ndizi na nyama aliyofundishwa na Mama Krismasi moja. Mdogo tu, bila kuongeza bei. "Nijue ameingia kitu tumboni, Dada. Baada ya hapo nitampa hiyo karatasi yako."

Nimewapitia wateja wangu wote kichwani, Wazungu wa mashirika, mzee Thomasi, na sijui watasemaje. Nimemruhusu kwa majaribio. Naomba uende tena, uone, uniandikie kama ulivyoona. Hata kama ni mbaya.

Mwenye nyumba sikumpigia.

Mwanao, Catherine

*

Akheri
Jumapili, 23 Machi 2025

Mwanangu Catherine,

Jana mchana piza ilivunjika kwa sauti. Msemaji ni mzee Thomasi, aliyeinua kipande chake sikioni ili meza ya jirani nayo isikie. Alikuwa amekuja kwa sababu Lemburis alimpigia.

Hatujambo. Mama yako amepeleka ndizi Njiro mara mbili wiki hii na goti halijalalamika. Anasema ukitaka aendelee, umwombe mwenyewe.

Mtori unakuja kwenye kikombe kidogo kabla ya piza. Bi Evaresta alisema hajawahi kuona mambo hayo, akamaliza, akauliza kama kuna mwingine. Kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake alikataa, akisema ameagiza piza, si chakula cha mzazi. Mchumba akanywa vyote viwili. Kuna waliosema moto wa tanuri unatosha kuupika mwingi, wawekewe bakuli kubwa walipie. Wazo hilo nakuachia.

Piza ni kama zamani. Nimeila, haikuhitaji kijiko. Sahani zilirudi tupu, na Namelok alizipokea kama anayepokea taarifa ya msiba wa mbali. Ya kwanza aliishika muda mrefu. "Baba, hata ukingo hawakuacha," akasema. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akaiweka kwenye maji, akaenda kuchungulia vikombe. Karibu kila kimoja kilikuwa na tone la mtori chini, watu walikuwa wanaikimbilia piza. Alivihesabu kwa kidole, akarudi kwenye unga wake anaimba.

Kabla sijaondoka alifanya jambo ambalo sikumtuma. Alitoka jikoni na aproni yake, akasimama mbele ya Bi Evaresta. "Mwalimu, usiniambie nzuri. Niambie kweli." Mwalimu akavaa miwani, akamwambia chumvi imezidi kidogo kwenye nyanya. Namelok alimshika mkono kwa mikono miwili.

Mtandaoni kuna maoni mapya mawili. Mmoja anasema Ukingo imerudi. Mwingine ametoa nyota nne, akaandika kwamba ya tano ataitoa mtori ukiwa na nyama zaidi. Ni mapema kusema lolote kubwa, na silisemi.

Kama ulivyoniambia kwa simu, ndege yako inatua Ijumaa tarehe 28. Bi Nashipae ameshajua, nyumba yake iko karibu na uwanja, na loshoro itakuwa tayari. Nitakuja kukupokea. Ukila pale acha kidogo kwenye bakuli, la sivyo hatutafika Njiro.

Jumamosi tarehe 29 Machi, saa saba mchana, Namelok amekuwekea meza ya dirishani. Piza umalize mpaka ukingo. Atakuwa kwenye kidirisha.

Baba yako