Kucha za Mkono wa Kuume

Brussels, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana katika Bwana. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanionea.

Mama, nina habari! Mzee Rafael, yule Mhispania anayenifundisha gitaa la kwao karibu na stesheni ya Gare du Midi, mikono imeanza kumtetemeka. Tarehe 16 Juni mwimbaji wake anakuja kutoka Sevilla, na mzee ameniweka mimi kwenye kiti chake. Mimi, Mshi wa Bukavu! Nikimpendeza huyo mama, nitazunguka naye Hispania mwaka mzima na kuaga kufua mashuka ya watu. Graciella, binti wa jirani yako, anarudi huko na anakuletea picha. Tazama mkono wangu wa kuume, huo ndio utakaonifikisha.

Mwanao,
Éliézer

Bukavu, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule, namshukuru Mungu.

Picha nimeiona na usingizi umenitoka. Mkono wa kushoto una kucha za mtu wa kanisa. Wa kuume una kucha nne ndefu, ngumu, zinang'aa kama za chui. Mwanamume! Umefunga agano na nani? Tangu utoto nilikuambia, ukikata kucha uzizike, maana mwenye kucha yako ana roho yako. Leo unazifuga? Berthe wa kikundi cha sala ameona picha, akasema huo ni ulozi.

Tonton Florent wa huko kwenu Auderghem nimemwandikia pia. Barua hii atakuletea mwenyewe, pamoja na ndugu wa maombi. Usibishane naye, ni kaka yangu. Mwambie yote, mficha uchi hazai.

Mama yako

Brussels, 22 Aprili 2024

Mama,

Leo sikuulizi habari za mgongo.

Walikuja wanne jana, baada ya ibada. Nikawapashia chai. Tonton akasema, "Leta ule mukono, tutoshe hii bulozi." Nikacheka, mjinga mimi. Nikamwambia, "Tonton, hizi kucha njo zinapiga kamba. Mzee anazipakaka gundi juu zisivunjike."

"Ah bon? Gundi ya nani?"

Wawili wakanikalia miguu. Mmoja alipanda kifuani huku akiimba zaburi. Tonton akatoa koleo. Kwa ile gundi kucha hazikukatika, ziling'oka, na nyama zake. Kidole cha shahada alikipinda mpaka nikasikia mfupa. Mkono wa kushoto ukalipata gitaa. Nilimpiga nalo usoni hadi nikabaki na shingo ya gitaa tu. Jicho lake moja limekwenda, na sijutii.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwake, imelowa damu. Na ile uliyomwandikia yeye pia. Nimezisoma zote mbili. "Akikatala, mumushike kwa nguvu." Ni mwandiko wako.

Éliézer, mwanao

Bukavu, 30 Mei 2024

Kifungua mimba wangu,

Nakusalimu nikiwa magotini.

Graciella amenionyesha kwenye simu Wahispania wakipiga gitaa. Wanaume watu wazima, wenye wake na watoto, na wote wana kucha hizo hizo! Nilimfuata Berthe kanisani nikamzaba kofi mbele ya watu. Haikunisaidia kitu. Nilidhani nakuokoa, kumbe koleo lilikuwa langu. Majuto ni mjukuu. Nisamehe, mwanangu. Na Florent umsamehe, jicho lake linatosha.

Niambie, zitaota kabla ya tarehe 16?

Mama yako

Brussels, 17 Juni 2024

Mama,

Jana mwanafunzi mwingine alikalia kiti cha mzee Rafael. Nilisimama karibu na mlango. Alipozichapa kamba nilitamani kumvunja vidole kimoja kimoja, mtu ambaye hajanikosea lolote. Nikatoka mbio nisije nikafanya.

Kucha tatu zinaota. Ya kidole cha shahada, daktari anasema mzizi wake umekufa. Ile ya kidole hicho iliyong'oka niliiokota chini ya kiti siku ile, na sikuizika. Iko ndani ya bahasha hii.

Wewe ulinifundisha kwamba mwenye kucha yangu ana roho yangu. Basi ishike. Barua nyingine usingoje.

Éliézer