Uzi Mwekundu Bado Unafungwa, Mama

Jirani yetu mshona nguo anaapa alikuona wiki iliyopita. Anasema ulikuwa umeinama kwenye matuta yako kule kituo cha mbegu ulikofanya kazi, kitambaa chako cha bluu kichwani. Akakuita, hukuitika. Akatimua mbio, ndoo akaiacha njiani.

Alikuwa ni mimi, mama, nimejifunga kitambaa chako. Sikuitika kwa sababu nilikuwa nimebana uzi kwa meno, kama ulivyonifundisha. Ndoo yake tumemrudishia.

Mwaka umezunguka tangu utuache.

Ulikuwa na pamba za aina mbili. Moja ilizaa mpaka matawi yakalala, lakini nyuzi zake fupi. Nyingine nyuzi ndefu, laini, ila mchoyo. Ukaziozesha, chavua ya hii kwenye ua la ile. Watoto wao ukawachagua msimu hadi msimu, ukilifunga kila ua kwa uzi mwekundu kabla halijafunguka, nyuki asije akaleta chavua ya kwingine.

Baba alikutania mbele ya wateja wake wa baiskeli: "Iko siku nitaamka na mimi nimefungwa uzi."

"Nani akutake wewe, na hayo mafuta ya mnyororo?"

Mgeni hakukaa kwetu bila kuchomolewa unyuzi kwenye sweta. "Huu mfupi, mwanangu. Sweta itachakaa upesi." Na wachumaji waliochomwa vidole na maganda makavu walipitia kwetu, ukawapaka mafuta huku unawagombeza kama watoto wako.

Msimu huu, mama, upo mche mmoja. Umebeba kuliko yote, na vitumba vyake vya kwanza vimepasuka. Nyuzi nilizichana juu ya sketi yako nyeusi. Ndefu! Mama mdogo akasema, "Isije ikawa bahati tu." Ndiyo maana mbegu zake lazima zipandwe tena, tuone kama watoto watamfuata.

Lakini pale kwenye matuta yako panatakiwa kujengwa ghala, na mbegu za kituo hazitoki nje ya uzio. Tulimwomba mkuu wa kituo asubiri. Alisema, "Nitawaambia." Bado hajatuambia. Kila jioni naenda kufunga maua yaliyobaki.

Hututoki moyoni: mumeo fundi baiskeli, mdogo wako, wajukuu zako, nami binti yako uliyeniachia uzi.

Mkuu, kama unasoma kumbukumbu hii: msimu mmoja tu. Tunakuomba.