Mama Alipolitupa Jiwe Kwenye Maji Moto

Kaka Desmond,

Huku wazima. Mbwa wako kazaa saba. Magoti ya Mama ndiyo hayana nafuu. Uliposema barabara ya kwenda chemchemi ya maji moto, anakoyakanda, imekatwa na mafuriko, alikuamini, akavumilia mwaka mzima. Jumamosi akachoka: "Dulcie, nipeleke hivyo hivyo."

Mafuriko gani, kaka? Tumekula vumbi na kukwepa kangaruu njia nzima. Kule tukakuta watalii wanaelea kwenye maji yetu. Kiongozi wao akamzuia Mama.

"Bibi, hapa hatuingii hivi hivi. Unatupa jiwe kwanza, unawaambia wazee wa maji wewe ni nani."

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Desmond. Ndiye mwenyeji wetu hapa, tangu mwaka jana."

Mama hakugomba. Aliokota jiwe, akalitupa, akayaita maji kama alivyotufundisha tungali wadogo. Alitaja jina lake, kisha watoto wake mmoja mmoja: Clarrie, Noreen, mimi.

Nikasubiri lako. Akavua kandambili, akaingia majini.

Mama anawasalimu wanao.

Dada yako,
Dulcie